Kufuatilia fungu la nyumba ya mawe: mirathi na ndoa za waungwana wa Lamu

Ukitaka kujua nyumba ya mawe ya Mkomani, Lamu, imebakije mikononi mwa ukoo mmoja vizazi vinne, usianze na hati. Anza na shajara, yaani mti wa ukoo, na kila jina liandikie mambo matatu: alifariki lini, aliacha nani hai, na alioana na nani. Tarehe ya kifo wengi huiacha, nayo ndiyo inayoharibu hesabu yote. Katika mirathi ya Kiislamu, mtoto aliyemtangulia babake hana fungu, na watoto wake huzuiwa na ami zao walio hai. Mjukuu wa namna hiyo hupata kwa wasia tu, nao hauzidi theluthi.

Toa kwanza gharama za maziko, kisha madeni (mahari ambayo mke hajalipwa ni deni), kisha wasia. Tuseme marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, wazazi wake hawapo. Nyumba igawe mafungu 8: mke 1, kila mwana 2, kila binti 1.

Sasa mfuate binti mmoja. Amefariki, ameacha mume na mwana mmoja; mamake alifariki kabla ya baba. Mume ana robo ya fungu lake, yaani 1/32 ya nyumba. Mwana ana 3/32. Mume akiwa wa mbali, yote hayo yamehamia ukoo mwingine, maana mwana ni wa babake. Akiwa mtoto wa ami yake, hakuna kilichotoka. Ndiyo maana kwenye shajara utakuta binamu na binamu wakioana tena na tena. Usiruke kizazi hata kimoja: ukikadiria, mafungu hayatajumlika kuwa nyumba nzima.

Ukufu, yaani usawa wa hadhi kati ya wanaooana, nao uutazame kwa jicho hilo hilo. Mwanamume tajiri alizaa pia na masuria, na watoto hao walirithi sawa na wa mke. Seyyid Said wa Zanzibar alipofariki 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria. Binti wa kiungwana aliozwa kufu yake, au akakaa bila mume. Damu ikaenea kwa wanaume, mali ikalindwa kwa ndoa za wanawake, na mzigo wake waliubeba mabinti hao. Waandike, hata pale shajara ya zamani ilipowaruka.

Lakini Lamu binti alipewa pia nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Kwa hesabu ya uzazi ina maana: mtoto wa binti ni mjukuu wa hakika, na mume akiacha au akifa, mama na watoto hawatoki. Ukipita kichochoroni tazama juu: wikio, chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili, mara nyingi ni dalili ya ndugu waliojengewa karibu. Zawadi hiyo (hiba) huharibika pale baba aliposema "hii ya binti yangu" bila kumkabidhi. Akifa kabla ya makabidhiano, nyumba inarudi kwa warithi wote.

Ukikuta nyumba haina mafungu kabisa, tafuta wakfu, yaani mali iliyofungwa isimilikiwe tena na mtu. Haiuzwi wala hairithiwi, hivyo hesabu ya juu haifai. Soma maneno ya aliyeiweka moja moja: "watoto wangu" laweza kuishia kwa wa tumboni mwake, "dhurria yangu" linashuka hadi vitukuu.