Shangazi kaja limejaa mablanketi ya vipande ambayo hayajaisha? Anzia hapa

Kama na wewe una lile begi la shangazi kaja juu ya kabati au uvunguni, limejaa vipande vya vitenge ulivyoanza kuunga ukaacha, karibu tuongee. Mi nilikuwa nayo mawili pamoja na kiroba kimoja cha salfeti, na mwaka huu kabla baridi haijaanza nikasema sasa basi, maana hapa Mbeya mwezi wa sita na wa saba ukilala bila blanketi la maana unaamka mgongo unauma, halafu humo ndani nina mablanketi kumi na moja na hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kujifunika. Kumi na moja, niliyahesabu.

Naposema blanketi la vipande naongelea kwilti, ile ya matabaka matatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati kitu cha kutia joto, chini kitambaa kizima, vyote vinashikwa pamoja halafu pembeni panafungwa na utepe. Kazi yake ni ndefu na ndio maana inaachwa njiani, sio kwamba sisi ni wavivu.

Kitu cha kwanza, mwaga kila kitu kitandani mchana jua likiwaka. Usifanye usiku, kwenye taa hutaona madoa, na usingoje masika maana vitambaa vilivyokaa begani miezi ya mvua vinashika unyevu, ukivifungua vinanuka na vingine vina vidoa vyeusi vya kuvu. Anika kila kitu nje siku nzima kabla hujakunja tena. Angalia pia kama panya hawajapita, hasa kama begi lilikaa chumba kimoja na magunia ya mahindi. Mi nilikuta kitu kingine kabisa, pini. Nilikuwa nimeacha pini kwenye vipande vya amerikani nyeupe miaka kadhaa, zimepata kutu na kila pini imeacha alama ya rangi ya chai. Nilikamulia ndimu, nikapaka chumvi juu yake, nikaacha juani mpaka ikakauka nikasuuza, nikarudia mara mbili, alama zikabaki hafifu sana. Ila kwenye kitenge chenye rangi jaribu kwanza kwenye ncha ambayo haitaonekana, ndimu inaweza kufifisha rangi.

Sasa hapa ndo penyewe. Watu wengi wakishamwaga vitu kitandani wanaanza kuchagua lipi wanalipenda, wanalichukua lile zuri kuliko yote, wanashona siku mbili wanakwama palepale walipokwama mara ya kwanza. Usiulize unapenda lipi, uliza hili limekwama wapi. Chukua karatasi, kata vipande vidogo, kwa kila blanketi andika neno moja au mawili ya pale lilipokwama ubandike na pini ya kufunga (hii usiache miaka!). Mi zangu zilitoka hivi: manne yalikuwa yameungwa juu yote yanasubiri tabaka la katikati, matatu vipande vilikuwa pungufu na kile kitenge sokoni kimeisha, mawili yalibaki utepe wa pembeni tu, moja vipande vimepishana vipimo, na moja nilikuwa silipendi tena. Yani mlima wa kumi na moja ukageuka kuwa shida tano, na shida tano mtu unaziweza.

Anza na yale yaliyobaki kidogo kabisa, kwangu ni yale ya utepe. Wengi tunauogopa utepe bure, tunafikiri utakula kitambaa kingi na lazima ukatwe mshazari. Kwa blanketi la pembe nne zilizonyooka kata tu wima wa kawaida, mshazari ni kwa pembe za mviringo. Hesabu yake iko hivi, blanketi la inchi 60 kwa 72 mzunguko wake ni inchi 264, ongeza 10 za pembeni na kuungia inakuwa 274. Kitenge kina upana wa kama inchi 45, ukitoa kingo hesabu 42, kwahiyo unahitaji mikanda 7 yenye upana wa inchi 2 na nusu, ambayo ni inchi 17 na nusu za kitambaa. Nusu yadi tu! Mi nilikaa na blanketi mwaka mzima kwa kukosa nusu yadi ya kitenge. Kunja mkanda katikati piga pasi, shona upande wa mbele na cherehani, geuza nyuma umalizie kwa mkono ukiwa umekaa jikoni unasubiri maharage yaive.

Tabaka la katikati ndo linalokula hela na ndo lililokwamisha manne yangu, kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Hulazimiki kununua pamba maalum. Nenda mitumba ya Mwanjelwa au popote unaponunuaga, tafuta blanketi la flisi jepesi au shuka zito la flaneli, hata likiwa na rangi mbaya au doa haidhuru kwasababu halitaonekana, ila lishike juu ya mwanga uangalie kama halijachakaa mpaka likaonyesha upande wa pili, hilo litapasukia ndani. Lifue kwanza, na kitambaa cha chini nacho kifue kwanza, pamba mpya inapungua ikifuliwa na kama juu ulishafua na chini hujafua, siku ya kwanza ya kufua blanketi lote litajikunja. Angalia pia rangi, kitenge chekundu au bluu nzito kilowekeshe peke yake mpaka maji yatoke safi.

Halafu kutandaza. Fagia sakafu ya saruji vizuri, tandaza kitambaa cha chini uso wake ukiangalia sakafu, kivute kidogo ukibandike na tepu pembeni, hiki kizidi kwa inchi 3 au 4 kila upande. Juu yake lile la joto, juu kabisa vipande vyako. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia matabaka, ukianzia katikati kuelekea nje, ukianzia pembeni hewa na makunyanzi yote yanakutana katikati na hapo hakuna dawa.

Sasa kama katikati umeweka blanketi zito, cherehani ya kukanyaga ya nyumbani itasumbuka, mzigo haupiti chini ya mkono wake na sindano zinakatika. Usilazimishe, funga mafundo. Ni njia ya zamani na ni imara. Chukua uzi wa kufumia ulio imara, sindano ndefu yenye tundu kubwa, shuka chini panda juu umbali wa punje ya mchele mbili hivi, funga kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, ukifunga upande mmoja mara mbili litafunguka. Kata mkia ubaki inchi moja. Fundo moja kila upana wa ngumi. Mi na wifi yangu tulikaa pande mbili za blanketi moja kubwa kuanzia saa nane mchana, yeye anachoma sindano mimi nafunga, saa mbili usiku tukawa tumemaliza, umeme ulikatika katikati na wala hatukusimama, tuliwasha taa ya sola tukaendelea. Yale mepesi ndo nilishona kwa cherehani, nikaweka sindano namba 16 badala ya 14 na nikaongeza urefu wa mshono.

Yale yenye vipande pungufu usihangaike kutafuta kitenge kilekile, hutakipata, maua ya kitenge yanabadilika kila mzigo ukiingia. Fanya mojawapo ya mawili. Punguza ukubwa, ulitaka la kitanda basi liwe la mtoto. Au weka mikanda ya rangi moja katikati ya vipande. Angalia hii: vipande 20 vya inchi 12, vinne kwa vitano, vikiungwa vyenyewe vinatoa inchi 48 kwa 60, hata kitanda cha tano kwa sita hakifuniki. Weka mkanda wa inchi 3 kati ya kila kipande na kuzunguka nje, unapata 63 kwa 78, kitanda cha tano kwa sita kimefunikwa juu. Vipande ni vilevile 20. Kumbuka tu kukata kila kitu na nusu inchi ya ziada, robo kila upande, kwa ajili ya mshono.

Moja ya hayo matatu niliianza dada yangu akiwa mjamzito, na mtoto sasa yuko darasa la kwanza. Nilikuwa na vipande 12 na kila nikiviona moyo unaniuma naficha begi. Nikaweka mikanda ya kaniki, likatoka 48 kwa 63. Siku namalizia utepe alikuwa kwetu, akaja akashika ncha, akaanza kuhesabu vipande kwa kidole, akaniuliza, "Mama mdogo, hili la nani?" Nikamwambia lako, la tangu hujazaliwa. Alilala nalo usiku uleule lina nyuzi za bandi bado.

Lile lenye vipimo vilivyopishana, dawa yake ni kukubali kupoteza kidogo. Pima vyote kwa futi, tafuta kilicho kidogo kuliko vyote, kata boksi gumu kwa kipimo hicho, kisha kata vyote vilingane nacho. Vyangu vilikuwa kati ya 11 na nusu mpaka 13, vyote vikawa 11 na nusu. Inauma kukata ila ukijaribu kuvuta vipande vikutane blanketi litavimba katikati maisha yake yote.

Na usilolipenda ligawe, kwa mtu anayeshona, likiwa limekunjwa vizuri na mikanda yake na karatasi inayosema limefikia wapi. Langu alichukua binti jirani anayejifunza ufundi, kalimaliza kabla yangu.

Jambo jingine ni kwamba muda wote huu usikate blanketi jipya. Kitenge kizuri ukikiona nunua kama hela ipo, ila mkasi usikiguse mpaka karatasi mbili zimetoka begini. Mi nimebakiza mawili, yote ya mafundo.

Likiisha, fua kwa maji baridi na sabuni kidogo, usilikamue kwa kulisokota, likandamize maji yatoke. Likilowa ni zito kweli, kwahiyo wakati wa kuanika ita mtu wa pili, na litandaze juu ya kamba mbili kivulini, kamba moja inavuta mafundo ya katikati.