Kupika ginataang langka: fenesi bichi kwa tui la nazi

Ufilipino fenesi halingojwi liive ndipo liliwe. Likiwa bichi ni mboga, na watu wa Bicol, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon, wanaosifika nchini mwao kwa nazi na pilipili, hulipika kwa tui mpaka likachambuka nyuzi kama nyama. Vitu karibu vyote vinapatikana pwani yetu.

Andaa fenesi bichi lililomenywa, gramu 700, nazi 2, kitunguu maji 1, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili kichaa kadiri uwezavyo, na kijiko 1 cha bagoong, yaani uduvi uliochachuliwa kwa chumvi. Ukiukosa, tumia dagaa wakavu. Ladha itatofautiana, lakini dagaa na fenesi hupatana sana.

Hatua ya 1. Chagua fenesi ambalo mbegu zake bado laini, kisu kinapita bila kukwama. Likianza kunukia sukari, liache liive. Paka mafuta ya nazi kwenye kisu na mikononi kabla ya kukata, maana utomvu wake ukishika hautoki kwa maji. Toa ganda na moyo mgumu wa katikati, kisha katakata.

Hatua ya 2. Zikune nazi. Kamua tui zito, uliweke kando. Tia maji ya vuguvugu kwenye machicha, ukamue tui jepesi, kama vikombe 3.

Hatua ya 3. Weka sufuriani fenesi, vitunguu, tangawizi, bagoong na tui jepesi. Usikaange kitu. Chumvi usitie bado, bagoong inayo ya kutosha. Pika dakika 30 hivi, mpaka fenesi liwe laini.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye chakula chenyewe. Punguza moto, mimina tui zito, tia pilipili, na ukoroge polepole bila kufunika hadi lichemke, lisije likakatika. Sisi wengi tungeepua hapo. Mpishi wa Bicol haepui: anaacha tui likauke taratibu, ling'ang'anie fenesi, hadi mafuta ya nazi yaanze kuchuruzika pembeni mwa sufuria. Mafuta hayo ndiyo yanayobeba ukali wa pilipili na harufu ya uduvi, kwa hiyo usiyaengue.

Onja chumvi, epua, pakua na wali mweupe uliopikwa kwa maji matupu. Wali wa nazi utazidisha mafuta.