Shiti za kupunguza kelele kwenye gari: butili au lami?

Jirani yangu amenunua Probox, sasa anataka "kuizibia kelele". Aliniuliza kama anahitaji shiti, anunue ipi na aibandike vipi. Maswali hayo huulizwa na wengi, nayajibu hapa.

Hatua ya 1: Gonga bati

Gonga mlango kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama debe tupu, unahitaji shiti nzito ya kubandika. Kama sauti ni butu, uache. Upepo unaopiga mluzi mara nyingi unatokana na raba za milango, na beringi iliyokufa haitibiwi kwa shiti.

Hatua ya 2: Chagua shiti

Hapa ndipo pesa hupotea. Dukani shiti za butili (aina ya mpira wa viwandani) na za lami zinafanana: nyeusi chini, foili ya alumini juu. Lami ni rahisi, na mwenye duka atakuapia ni ileile. Siyo. Paa la gari lililoegeshwa juani Dar huweza kupita nyuzi 60. Lami hulainika, hunuka ndani ya gari, kisha huanza kuteleza. Butili hustahimili.

Nusa kwanza: harufu ya barabara mpya ni lami. Kisha vuta kipande; butili hurefuka bila kukatika upesi. Ukibaki na shaka, nunua kipande kimoja, kibandike wima kwenye bati jeusi, kiache juani mchana kutwa. Kikishuka hata kidogo, usirudi duka lile. Mikanda ya kuzibia paa la nyumba, ukitaka kuitumia badala ya shiti, nayo ipimwe hivyohivyo, maana mingi ni lami.

Angalia na foili. Inayochanika kwa ukucha ni ya urembo tu. Foili nene husaidia kuua mtetemo. Unene wa milimita 2 unatosha milangoni. Tena usifunike bati lote: robo mpaka nusu, katikati panapovuma, inatosha. Mita moja ya mraba ina takriban kilo 3, na gari ndilo litakalozibeba.

Ndani ya mlango usiweke kapeti wala pamba. Hunyonya maji, bati likaoza. Weka sponji isiyonyonya maji.

Hatua ya 3: Bandika

Toa plastiki ya mlango, futa bati kwa spiriti, bandika, kandamiza kwa rola mpaka michoro ya foili ilale. Vaa glavu, foili inakata.

Hatua ya 4: Kabla ya kufunga

Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yabaki wazi. Shusha na kupandisha kioo mara kadhaa, ndipo urudishe plastiki.