Chumvi ya Guérande kwa kamera na kalamu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kamera hainusi wala haionji. Ninapofanya kazi kuhusu maisha ya mikoani Ufaransa, huwa nagawa majukumu mapema: picha ibebe kinachoonekana, harufu, sauti, ladha na mguso viachiwe maneno. Picha na maandishi vikirudia jambo lile lile, kimoja hakina kazi.

Mfano wangu hapa ni mashamba ya chumvi ya Guérande, magharibi mwa Ufaransa kwenye pwani ya Atlantiki. Treni ya mkoa kutoka Nantes kwenda Le Croisic hukufikisha Batz-sur-Mer, pembeni kabisa mwa mashamba. Ukipendelea lavenda ya Provence au chaza za Cancale, hatua ni hizi hizi. Miezi na saa tu ndizo hubadilika.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kuchagua pembe

Mavuno huwa kati ya Juni na Septemba. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, kwa hiyo mkulima wa Guérande hufuata mwezi kama wavuvi wa Lamu na Pemba wanavyoufuata. Maji hayo hupita polepole katika mabwawa ya udongo wa mfinyanzi, yakizidi kuwa mazito kwa jua na upepo, hadi kwenye vijibwawa vya mwisho viitwavyo œillets. Hapo kina chake ni cha sentimita chache tu.

Huvunwa chumvi za aina mbili. Ya mawe hukaa chini na hupata rangi ya kijivu kutokana na udongo. Huvutwa kwa las, ubao wenye mpini mrefu sana. Nyingine, fleur de sel, huelea juu kama utando mwembamba na huenguliwa kwa kifaa kiitwacho lousse. Hii ya pili hutaka jua na upepo mkavu, na mara nyingi huonekana mchana ukielekea jioni. Mvua ikinyesha, maji hupungua ukali na mavuno husimama. Angalia hali ya hewa kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya 2: Daftari kwanza, kamera ibaki begini

Pua huzoea harufu haraka. Baada ya dakika chache utakuwa husikii tena kilichokupokea uliposhuka njiani, kwa hiyo andika papo hapo. Usiandike "harufu nzuri ya bahari". Andika inatoka wapi. Tope lililoachwa na maji kupwa lina harufu yake. Salicorne, mmea mnene wa kijani unaoota kingoni, una harufu nyingine ukiuvunja kwa vidole. Fleur de sel mbichi husifiwa kwa harufu hafifu ya maua ya violet. Inusie mwenyewe, na usipoipata usiiandike.

Hatua ya 3: Salamu na ruhusa

Ufaransa, kuanza kuzungumza bila kusema *bonjour* ni utovu wa adabu. Salimia, jitambulishe, eleza picha zitakwenda wapi, ndipo uombe. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Kiraia ya Ufaransa kinalinda maisha binafsi ya mtu, na mahakama hukitumia kulinda sura yake pia. Anayetambulika kwenye picha unayotaka kuchapisha apewe nafasi ya kukubali au kukataa.

Usikanyage kingo za udongo bila kuambiwa. Zimejengwa kwa mikono, na nyayo zako zinaweza kuangusha tope ndani ya chumvi ya mtu.

Hatua ya 4: Piga

Chumvi hudanganya kipimamwanga. Kamera ikiona weupe mwingi huufanya kijivu, basi ongeza mwanga kwa kipimo kimoja (+1), kisha hakikisha weupe haujaungua ukapoteza punje. Kwenye simu, gusa chumvi kwenye kioo halafu sogeza alama ya jua juu kidogo.

Subiri jua lishuke. Mwanga wa ubavuni huonyesha punje moja moja, wakati mwanga wa saa sita mchana hulaza kila kitu. Jua likiwa mbele yako, maji hung'aa na mvunaji huwa kivuli cheusi. Picha hiyo ni rahisi kupendwa, lakini nakushauri usipige zaidi ya moja, kwa sababu haisemi lolote kuhusu mikono yake. Sogea karibu. Piga kidole gumba kwenye mpini, matone yanayoanguka kutoka ubaoni, ngozi ya kiganja. Kwa mwendo wa las, kasi ya 1/250 ya sekunde hutosha. Pia piga moja ya mbali, msomaji ajue yuko wapi.

Hatua ya 5: Onja, na uulize historia ya ladha

Nunua mkate, siagi yenye chumvi na kipakiti cha fleur de sel. Andika kinachotokea mdomoni kwa mpangilio: punje huvunjika kwanza, chumvi huja baadaye, kisha siagi huifunika. Kupenda siagi ya chumvi huku kuna sababu. Guérande ni sehemu ya Bretagne ya kale, jimbo la kihistoria la magharibi mwa Ufaransa, na Bretagne haikutozwa gabelle, kodi ya chumvi ya wafalme iliyofutwa mwaka 1790. Kwingineko chumvi ilikuwa ghali. Hapa ilimwagwa kwenye siagi. Sentensi moja ya historia hiyo hufanya kipande cha mkate kiwe na uzito, na hakuna picha itakayokueleza.

Hatua ya 6: Andika maelezo yasiyorudia picha

Tuseme picha inaonyesha mwanamke akivuta chumvi jioni. Maelezo dhaifu: "Mwanamke akivuta chumvi jioni, Guérande." Tumeshaona. Jaribu hivi:

"Punje zikivutwa chini ya maji hutoa mkwaruzo mzito, kisha kimya, kisha mkwaruzo tena. Alizonimwagia kiganjani zilikuwa bado na unyevu, na zililia menoni kabla ya kuyeyuka."

Soma kwa sauti. Ukikuta "mandhari ya kuvutia" au "ladha tamu", futa uweke kitenzi.

Hatua ya 7: Panga

Picha nane zinatosha kwa makala moja. Anza na mikono au punje. Ile ya mbali iweke ya tatu au ya nne, msomaji akishataka kujua mahali. Picha isiyoongeza hisia mpya iondoe hata kama ni nzuri. Majina ya vifaa yaache kwa tahajia ya Kifaransa, uyaeleze mara moja tu, na kwenye kila faili andika mahali, mwezi na jina la mvunaji kama amekuruhusu.