Somo: Kutoka gunia la sukuma wiki hadi shoo ya Jamhuri

Kila Januari wazazi huniuliza swali lile lile: mtoto wa Nairobi anayelala ghorofa ya tatu atafanya nini kwenye klabu ya kilimo? Mimi ni mlezi wa klabu ya 4-K upande wa Dagoretti, na huwajibu kwamba shamba si lazima. Mtoto apate kitu kimoja kilicho hai cha kutunza kwa mikono yake mwenyewe, na daftari la kuandikia anachokiona. Nimewaona watoto wa vyumba vya kupanga wakiwapita wenye ekari nyumbani, kwa sababu ya daftari tu.

Kwa mgeni: 4-K ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Klabu hizi zilianza hapa mwaka 1962 kwa mfano wa klabu za vijana za 4-H za Marekani, zikafifia kwa miaka mingi, kisha zikazinduliwa upya mwaka 2021. Ni za watoto wa shule za msingi. Ukifika sekondari unahamia Young Farmers, klabu za wakulima vijana. Shoo ya Jamhuri ni maonyesho ya kilimo ya Nairobi, na huko ndiko watoto hushindanisha mazao yao mbele ya majaji.

Hatua ya kwanza: chagua mradi mmoja. Nasema mmoja. Mtoto akianza na sungura, kuku na nyanya kwa pamoja, kufikia Machi kazi yote iko mikononi mwa mama yake. Asiye na nafasi aanze na gunia la mboga.

Hatua ya pili: tengeneza gunia. Chukua gunia la kilo 90. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Tafuta kopo kubwa la mafuta ya kupikia, litoboe juu na chini liwe wazi, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Zungushia udongo, kisha livute kopo juu taratibu, ulijaze tena, hivyo hivyo hadi juu. Ukimaliza utakuwa na nguzo ya mawe inayopita katikati, na hiyo ndiyo njia ya maji. Toboa matundu ubavuni, usiyapange mstari mmoja wima, upande miche jioni jua likiwa limepungua. Gunia moja hubeba miche 30 hadi 40 ya sukuma.

Hatua ya tatu: daftari. Hapa ndipo wengi huniangusha. Mtoto huandika siku mbili halafu ananyamaza hadi wiki ya mashindano, kisha anaketi usiku mmoja kuyajaza yote kwa kalamu moja. Jaji anaiona kalamu hiyo moja! Daftari la kweli lina matope na mwandiko unaobadilika. Msichana mmoja wa Gredi ya 5 aliandika hivi: “Jumanne. Mtungi mmoja wa maji. Nimegeuza jani, chini kuna vidukari vya kijivu, vingi. Nimeosha kwa maji ya sabuni.” Na chini yake: “Ijumaa. Vimebaki vichache. Mama amechuma majani sita ya ugali.” Majani hayo sita ni mavuno, na mavuno huandikwa hata yakiliwa. Gharama pia ziandikwe: mbegu, samadi, nauli ya kuibeba.

Hatua ya nne: hesabu tarehe kwa kurudi nyuma. Shoo ya Nairobi, pale Jamhuri kando ya Ngong Road, kwa kawaida huwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Terere (mchicha) huwa tayari kwa mwezi mmoja hivi. Sukuma hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, halafu miezi miwili hivi baada ya kupandikizwa. Karoti huchukua miezi mitatu, na baridi yetu ya Julai huichelewesha zaidi. Mwaka mmoja niliwapotosha watoto wangu: tulipanda karoti katikati ya Julai, na siku ya shoo zilikuwa nyembamba kama kidole cha mwisho. Mzazi mmoja, kwa nia njema kabisa, akataka kupita soko la Marikiti anunue za kuweka mezani. Tulikataa, tukapeleka terere. Bado nawaonea fahari watoto wale.

Hatua ya tano: chagua vya kupeleka. Usikimbilie kilicho kikubwa. Nyanya tano zikiitishwa, jaji anataka tano zinazofanana kwa ukubwa, rangi na umri, na kikonyo kikiwa bado juu. Moja kubwa kati ya nne ndogo inawaharibia wenzake. Mboga za majani zichumwe alfajiri na zifunikwe kitambaa chenye unyevu.

Siku yenyewe, mlezi na mzazi wakae nyuma. Jaji atamuuliza mtoto alipanda lini, alisumbuliwa na nini, alifanya nini. Mtoto aliyemwagilia mwenyewe hahitaji kukaririshwa majibu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shule ya mwanangu haina klabu. Nianzie wapi?*
Mama, zungumza na mwalimu anayewafundisha kilimo. Mwalimu mmoja mwenye moyo na watoto kumi wanatosha kuanza. Ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo yenu ina maafisa ugani. Waombeni mmoja awatembelee.

*Naweza kufuga sungura kwenye ploti ya kupanga?*
Pata ruhusa ya landilodi kwanza, ili mtoto asije akaambiwa awaondoe wakiwa na mimba. Banda liinuliwe kutoka chini, lisipigwe na mvua wala upepo. Nyasi zisiliwe zikiwa na umande. Zianikwe zinyauke kidogo, la sivyo tumbo litajaa. Mimba huchukua siku 31 hivi, kwa hiyo siku ya 28 weka kisanduku chenye nyasi kavu. Ukimwona jike anajinyonyoa manyoya, usishtuke, anatandika kitanda cha watoto.

*Mwalimu, kwenye gunia langu miche ya juu imestawi lakini ya chini inakauka.*
Maji hayafiki. Unamwagilia udongo, na udongo wa juu unayanywa yote. Mwaga polepole juu ya mawe ya katikati. Hali isipobadilika kwa wiki, huenda nguzo yako ilikatika ulipokuwa ukivuta kopo; chomeka fimbo katikati ufungue njia.

*Kijana wangu hakupata nafasi yoyote mwaka jana. Amesema harudi klabu, na mimi sijui nimwambie nini.*
Baba, usimwambie neno kwanza. Nililisoma daftari lake lote. Wiki ya pili ya Agosti aligundua kwamba gunia lake lilikosa jua la asubuhi, akalisogeza peke yake, na tangu hapo majani yakapanuka. Wiki hizo alizopoteza kivulini ndizo zilizomwangusha. Mlete Alhamisi baada ya masomo. Gunia lake liko pale pale karibu na tangi, na jana nilimwagilia.