Namna ya Kuchagua na Kutunza Miwani yenye Utando wa Kuzuia Leza Isiyoonekana

Leza ya faiba, ile inayotumika kuchora maandishi kwenye vyuma, hutoa mwanga wa infraredi wa takriban nanomita 1064, ambao jicho halioni na kwa hiyo halifumbi kujikinga. Konea na lenzi ya jicho huukusanya mwanga huo hadi ukifika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unakuwa umekolea mara 100,000 hivi.

Kabla ya kununua miwani, soma kwanza kibao cha mashine, kisha maandishi yaliyo kwenye lenzi. Chini ya kiwango cha Ulaya cha EN 207, alama kama 1064 R LB6 maana yake ni kwamba kwa wimbi hilo la nanomita 1064 hupita si zaidi ya sehemu moja ya milioni (LB6), na kwamba lenzi imejaribiwa kwa mapigo mafupi ya nanosekunde (R). Herufi D ni ya mwale usiokatika. Mashine nyingi za kuchora hupiga kwa mapigo, hivyo D peke yake haitoshi. Miwani isiyo na alama usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Utando wenyewe ni tabaka za titani dioksidi na silika zinazopishana, kila moja ikiwa na unene wa robo ya urefu wa wimbi la mwanga likiwa ndani yake, ambalo ni fupi kuliko hewani. Kwa nanomita 1064, tabaka ya silika ni kama nanomita 183. Mwale unaorudi kutoka kila tabaka huungana na mwenzake, leza ikarudishwa, huku mwanga wa kawaida ukipita. Udhaifu wake ni pembe: mwale ukija upande, kinga husogea kuelekea mawimbi mafupi. Ndiyo maana mimi hupendelea utando uliowekwa juu ya lenzi inayofyonza infraredi pia, tena yenye vizuizi vya pembeni. Kumbuka vilevile kwamba mwale uliorudishwa unaweza kumpata mwenzako, kwa hiyo wote waliomo chumbani wavae.

Katika karakana moja hapa Mtwara nilimwona kijana akifuta miwani kwa pindo la shati lililojaa vumbi la chuma, na niliumia moyoni. Upepo wa bahari huacha chumvi kwenye lenzi, nayo ikisuguliwa ikiwa kavu hukwaruza. Suuza kwanza kwa maji safi na sabuni laini, kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba kwa kugusisha tu, kisha ihifadhi ndani ya kasha lake.

Kila wiki igeuzegeuze miwani chini ya taa: rangi inayong'aa juu ya utando ibadilike taratibu, pasipo doa wala mstari. Kamwe usiijaribu kwa leza. Ukiona mkwaruzo, vunja mikono yake siku hiyohiyo, asije mwingine akaivaa.