Jinsi ya Kukagua Usawa wa Kikabila katika Ajira za Chuo Kikuu cha Umma Kenya

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinakataza taasisi yoyote ya umma Kenya kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja ya kikabila. Hesabu ya kupima sharti hilo ni rahisi: wafanyakazi wa jamii fulani, gawanya kwa wafanyakazi wote. Lazima uifanye. Lakini ukiishia hapo, unaweza kukipa chuo cheti cha usawa huku milango ya vyeo vya juu imefungwa.

Kabla ya kugusa faili lolote, tafuta vibali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka asili ya kikabila katika kundi la data nyeti, pamoja na hali ya afya. Kwa hiyo unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayotoa vibali vya utafiti) na barua ya uongozi wa chuo inayotaja wazi data utakazopewa na mwisho wa kuzitumia. Barua isiyo na orodha ya data ndiyo huleta mvutano baadaye, idara ya rasilimali watu inapokutolea safu tatu za data badala ya tisa ulizoomba.

Omba safu hizi, mstari mmoja kwa kila mfanyakazi: namba bandia badala ya jina, kabila, jinsia, kaunti ya nyumbani, daraja la kazi, idara, aina ya ajira (ya kudumu, mkataba au kibarua), tarehe ya kuajiriwa na tarehe ya kupandishwa cheo mara ya mwisho. Chagua siku moja ya hesabu, kwa mfano 30 Juni mwaka wa fedha unapofungwa, na data zote ziwe za siku hiyo. Uliza mahsusi kuhusu vibarua na wahadhiri wa muda, kwa sababu mara nyingi wanalipwa kwa orodha nyingine na hawaonekani kwenye orodha kuu ya mishahara.

Usikisie kabila kwa kusoma majina. Mohamed anaweza kuwa Mswahili, Msomali, Mborana au Mdigo; mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa anatumia jina la ukoo wa mumewe; na wapo wenye majina ya Kikristo matupu. Kosa hili halijitawanyi sawasawa: linaziumiza zaidi jamii ndogo, ambazo mtu mmoja akihesabiwa kwingine takwimu yao yote hubadilika. Tumia kabila ambalo mtu mwenyewe alijaza. Fomu nyingi za kuomba kazi za umma huliuliza. Pasipojazwa, tuma hojaji fupi ya hiari yenye nafasi ya "sipendi kusema", na uwahesabu waliokataa kama kundi lao.

Amua mapema unahesabu katika ngazi gani. Wakalenjin, Waluhya na Wamijikenda ni miungano ya jamii kadhaa. Ukiwatenga Wanandi na Wakipsigis, chuo kinaweza kukaa chini ya thuluthi ambayo kingeivuka kama wangehesabiwa pamoja kuwa Wakalenjin. Fuata mpangilio wa sensa ya 2019, kisha toa jedwali la ngazi zote mbili. Anayechagua ngazi baada ya kuona matokeo ameshaharibu ukaguzi.

Sasa gawanya kwa madaraja. Tuseme chuo kina wafanyakazi 1,200, na 372 ni wa jamii A. Hiyo ni asilimia 31, sheria imetimizwa. Lakini kati ya wakubwa 180, yaani wahadhiri waandamizi, maprofesa na wakuu wa idara, 94 ni wa jamii A: asilimia 52. Kwa wafanyakazi 1,020 waliobaki ni 278 tu, asilimia 27. Walinzi, wahudumu wa usafi na makarani wa jamii nyingine ndio wanaoshusha wastani wa chuo kizima. Jedwali hili la madaraja lazima liwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Kulinganisha nako kuna mitego. Katika sensa ya 2019 Wakikuyu walikuwa takriban asilimia 17 ya Wakenya wote, Waluhya 14, Wakalenjin 13, Waluo karibu 11 na Wakamba karibu 10. Takwimu hizo zinafaa kwa kazi ambazo karibu kila mtu mzima anaweza kuziomba. Kwa nafasi ya uprofesa, kipimo cha haki ni watu wenye shahada ya uzamivu katika fani hiyo, na kilicho bora zaidi ni waombaji wenyewe. Kwa hiyo omba pia majalada ya uajiri ya miaka mitatu hadi mitano.

Humo ndimo utakapoona upendeleo unapoingilia. Chukua waombaji 400 wenye sifa za msingi: 100 wa jamii A, 300 wa jamii nyingine. Walioitwa kwenye usaili ni 30 na 45, yaani asilimia 30 dhidi ya 15. Walioajiriwa ni 6 na 9, asilimia 20 ya waliosailiwa kwa pande zote mbili. Jopo la usaili halikuonyesha tofauti. Tatizo liko kwenye mchujo. Gawanya kiwango kidogo kwa kikubwa: 15 kwa 30 ni 0.5. Miongozo ya uajiri ya Marekani ya 1978 huchukua uwiano ulio chini ya 0.8 kuwa dalili ya kuchunguzwa, na kipimo hicho kinafaa hata hapa. Uwiano huo hauthibitishi nia mbaya. Soma vigezo vya mchujo: nani aliviandika, viliandikwa kabla au baada ya maombi kufika, na tangazo lilibandikwa wapi.

Kundi likiwa chini ya watu 10, usitoe asilimia. Andika idadi na utumie jaribio la Fisher, kipimo cha takwimu kinachofaa idadi ndogo, badala ya kai-mraba, ambacho huhitaji idadi kubwa zaidi. Kwenye ripoti ya wazi, ficha kila kisanduku chenye watu chini ya 5, na ufiche kingine kimoja katika mstari huohuo na safu hiyohiyo, la sivyo msomaji atatoa kwenye jumla na kumjua Mwilchamus pekee (mtu wa jamii ndogo ya Wailchamus) wa idara. Faili linalounganisha namba bandia na majina libaki kwa msajili, lisiingie kwenye kompyuta yako kabisa.